Bomu la Wakubwa na Halbadiri Yako

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya chai

Dada yangu Zainabu,

Shikamoo. Nakuona unavyoipokea bahasha hii kwa kondakta, unaigeuza huku na huku, unamwuliza shemeji huyu Hamisi amepatwa na nini hata aandike barua wakati simu anayo. Simu ninayo na salio lipo. Ila kwenye simu hunisikilizi dada, unanikatiza, na ukishapandisha sauti mimi narudi kuwa mtoto wa darasa la pili. Kwa hiyo nimekaa na kalamu, mahali ambapo huwezi kunikatiza mpaka nimalize. Nakuomba usome yote kabla hujaichana.

Kwanza hali zenu. Lile goti lako lililovimba wakati wa palizi limepungua, au bado unalibebesha ndoo mbilimbili kwa ubishi? Shemeji ameacha sigara kama alivyoahidi mbele yetu sote siku ya arobaini ya baba? Na mikorosho imetoa maua vizuri, au ule ugonjwa wa ubwiri unga umerudi? Huku sisi ni wazima. Wifi yako Mwajuma miguu inamsumbua lakini ulimi uko salama kabisa, jana tu amenisema tangu adhuhuri mpaka magharibi kwa sababu ya sufuria. Mvua za safari hii zimetuhurumia. Tulipohamia sasa ni juu kidogo, na maji ya Msimbazi tunayasikia kwenye habari tu kama watu wengine.

Kazi inakwenda. Bado niko kwenye baraza ya duka la Mzee Nassor, cherehani yangu upande wa kushoto na ya Kapinga upande wa kulia. Kanga zikishuka watu wanataka zikatwe na kupindwa papo hapo, na kabla ya sikukuu tulipinda mpaka vidole vikawa na ganzi. Hiyo kanga niliyoifungasha humu ni yako. Maandishi yake nilichagua mwenyewe, usimwulize Mwajuma.

Sasa nije kwenye lile ulilonipigia. Umesema Ijumaa ya wiki hii walimu watakuja nyumbani, mbuzi umeshampata, na Halbadiri itasomwa. Nia umeshaipanga: imwendee aliyechukua karatasi ya baba, na imwendee kila anayekula kisicho chake katika shamba lile. Karatasi yenyewe naijua, ni ile aliyoandika marehemu kwa herufi za Kiarabu, kila mtoto kamwonyesha kipande gani na mipaka inapita wapi. Ni miaka miwili sasa tangu ufungue sanduku la bati ukute kitambaa kitupu. Jina la mtu hukulitaja, lakini dada, hata kuku wa jirani wanajua unamlenga mdogo wetu Issa.

Nakuomba usiisomeshe. Hiyo ndiyo haja ya barua hii yote. Nitakueleza kwa nini, ila nitaanzia mbali kidogo, kwenye bomu la nyuklia. Usicheke. Ndiko nilikoanzia mwenyewe.

Mzee Nassor unamkumbuka, yule Mwarabu wetu aliyetuma mchele kwenye msiba. Watu wa kwao wako Maskati na Unguja, yeye kazaliwa Mtaa wa Msimbazi na hajui kwingine. Ana tabia ya kufungulia habari kwenye simu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza viatu ng'ambo ya barabara. Basi asubuhi moja, kama wiki tatu zilizopita, habari ikasema mkubwa mmoja wa nje ameikumbusha tena dunia kwamba bomu analo.

"Tena?" Kapinga akauliza bila kuinua macho kwenye sindano. "Si alikumbusha na mwezi uliopita?"

"Anakumbusha kila akibanwa," Mzee Nassor akasema. "Zamani likitajwa bomu watu wanaacha kula. Siku hizi wanauliza sukari imefika bei gani. Silaha imekwisha hiyo, fundi. Imebaki jina."

Kapinga ni Mmatengo wa Mbinga, alipita jeshini ujanani, na jambo lolote la silaha huwa analiona ni la kwake. Akasimamisha cherehani. "Mzee wangu, usiidharau. Hao wenye bomu umewahi kuona wanaingiana mwilini wenyewe kwa wenyewe mpaka mwisho? Wanatukanana, wanapiganisha watu wengine, lakini wao kwa wao wanaogopana. Angalia Ukraine. Mabomu yalikuwa kwenye ardhi yao, wakayatoa, wakaahidiwa usalama wao. Leo wako wapi? Wangekuwa nayo, nani angevuka mpaka?"

"Na India na Pakistani? Wote wawili wanalo. Juzijuzi hapa si walirushiana makombora?"

"Siku chache, wakaacha. Wameacha kwa nini? Kwa sababu wote wanalo!"

"Au wameacha kwa sababu kila mmoja ameshapata la kuwaonyesha watu wake nyumbani," Mzee Nassor akamjibu. "Haya, na Mrusi? Hakuna mwenye mengi kumzidi. Lakini videge visivyo na rubani vinamfuata mpaka kwake, tena vingine wanasema bei yake haifiki hata ya gari. Bomu lake limezuia nini? Limekaa kabatini kama sahani za wageni. Mtu mdogo anajua huwezi kulitoa kwa kosa dogo. Basi anakufanyia makosa madogo kila siku, na wewe unakaa nalo tu."

"Ila hajafanyiwa kosa kubwa," Kapinga akasema.

Hapo nikaona Kapinga kampata. Dada, nakuambia ukweli, mimi mpaka leo sijui nani kati yao alikuwa na haki. Kila mmoja akisema naona ndiyo, mwenzake akijibu naona ndiyo pia. Kisha Mzee Nassor akatugeukia sisi, akasema tusijifanye watazamaji, watu wa Ruvuma, urani ya kutengenezea mambo hayo iko Namtumbo tunapita juu yake na baiskeli. Nikamwambia Namtumbo si kwetu Tunduru. Akasema udongo haujui wilaya. Tukacheka, ila nilirudi kwenye pindo langu nikiwaza kwamba kitu cha kuitisha dunia kinaweza kulala chini ya shamba la muhogo la mtu asiye na habari.

Aliyetunyamazisha wote ni Mama Chausiku. Huyu ni mama anayekaanga samaki, analeta kutoka Feri na kutuuzia barazani kwa sahani. Alikuwa amesimama na beseni lake akisubiri tumalize siasa tununue.

"Mume wangu wa kwanza alikuwa na panga chini ya kitanda," akasema. "Aliwatangazia mtaa mzima. Na kweli, miaka sita mwizi hakuja kwetu. Aliyekuwa halali ni mimi."

"Kwa hiyo lilifanya kazi," Kapinga akasema, lakini safari hii kwa sauti ya chini.

"Lilifanya kazi, kaka. Nani anataka changu na nani anataka jodari?"

Sasa sikiliza, ndipo Halbadiri inapoingia. Mzee Nassor akacheka, akasema bomu lake yeye liko kwenye msahafu na halijawahi kumwangusha. Na ni kweli, kwa kiasi. Mwaka jana jora la satini lilipotea dukani mchana kweupe. Mzee akasimama barazani, akatangaza kwamba asiporudishiwa ndani ya siku saba atawaita walimu. Kapinga aliniuliza hicho kisomo ni kitu gani hasa kinachofanya watu wageuke rangi. Nikamweleza kama tulivyoelezwa sisi utotoni, kwamba ni kumshtaki kwa Mungu mtu asiyejulikana, hutaji jina, na baada ya hapo hakichagui: kinamfuata aliyetenda, na aliyejua akanyamaza, awe mgeni awe ndugu. Kapinga akasema hiyo ni nyuklia kabisa. Siku ya tatu, watu wametoka swala ya alasiri, jora lile likakutwa kizingitini limefungwa vizuri kwenye mfuko. Hakuna aliyeguswa, hakuna aliyeaibishwa. Mtaa mzima ulisifu, na mimi nikiwamo.

Kosa la Mzee Nassor ni kuonja utamu. Mkasi ukipotea, Halbadiri. Ndala za msikitini zikibadilishwa, Halbadiri. Kikombe cha kahawa kikivunjika na hakuna anayekiri, Halbadiri. Ikafika mahali wapiga debe wa viatu wanaitania, mmoja akimnyang'anya mwenzake mteja, anaambiwa "nitakusomea." Tishio lile lililomrudisha mwizi na jora lake halikuweza tena kurudisha mkasi. Nilivyomsikia yule mkubwa wa nje anatajwa tena kwenye simu ya mzee, nilijiambia na huyu naye amefika kwenye kikombe cha kahawa.

Na mtu akishadharauliwa namna hiyo, dada, njia zake zinabaki mbili, ama akubali kuchekwa ama alifanye kweli. Siku chache baada ya mazungumzo yale robota zima la kanga mpya halikuonekana stoo. Mzee alihesabu mara tatu. Alituita wote, akatutazama mmoja mmoja, na mimi ambaye sikuligusa nilihisi jasho. Safari hii hakutangaza siku saba. Aliona akitangaza tutacheka. Aliwaita walimu Alhamisi, wakakaa kwenye mkeka hapohapo stoo, wakasoma mpaka mwisho. Mkewe, Bi Thuwaiba, alikuwa Unguja kwa wazazi wake tangu wiki iliyotangulia.

Jumatatu Bi Thuwaiba akarudi. Akatukuta barazani tumekaa kama watu wa matanga, akauliza mbona mna nyuso hizi. Mzee akamweleza. Yule mama akaweka mkoba chini taratibu.

"Robota la maua mekundu?" akauliza. "Nassor, si nililichukua mimi? Nililipeleka kwa wakwe zetu Ilala kwa ajili ya harusi. Nilikwambia mlangoni, ulikuwa kwenye simu."

Sijawahi kumwona mtu mzima akikaa chini namna ile. Alikaa kwenye ngazi, kofia mkononi, na hakuna aliyethubutu kuwasha cherehani. Watu wa pwani, na sisi wa bara tuliolelewa na kisomo, tunajua kosa hilo linamaanisha nini. Mhindi wa duka la pili angesema robota limepatikana, alhamdulillahi, tuendelee. Mzee Nassor alikwenda kwa kila mwalimu aliyesoma kuuliza kisomo kinatenguliwaje. Mmoja alimwambia toa sadaka, mwingine alimwambia uombe tu, wa tatu alimwambia ungeuliza kabla. Bi Thuwaiba mpaka leo ni mzima wa afya, Mungu amhifadhi, anakula na kugomba kama kawaida. Lakini akipiga chafya huko juu wanakoishi, mzee anaacha mteja na futi kamba shingoni, anapanda ngazi kumtazama.

Jumapili iliyopita tulikuwa wawili tu barazani, Kapinga kaenda kanisani. Mzee akaniambia, "Hamisi, nilidhani namtisha mwizi. Kumbe nilikuwa namlenga anayenipikia." Kisha akaongeza, na hapa ndipo niliposhindwa kushona siku nzima: "Hao wakubwa wana mitambo ya kuwaambia kwamba adui karusha bomu. Mitambo inatazamwa na watu. Mimi nilihesabu mara tatu, na nilikuwa na hakika."

Dada, nimefikiri sana tangu siku ile. Wewe ukiniuliza mimi fundi wa kupinda kanga kama mabomu ya wakubwa bado yana maana, nitakwambia yana maana, ila si ile wanayoitangaza. Kapinga yuko sawa kwamba hofu inauzuia mkono. Jora lilirudi, mwizi hakuja kwa Mama Chausiku, na wale wenye mabomu bado hawajamalizana. Lakini hofu haijui kuuzuia mkono peke yake. Inazuia na mdomo. Watu wawili wanaoogopana hawaulizani maswali. Kila mmoja anakaa kwake, anahesabu robota zake, na yule mwenye neno moja ambalo lingemaliza shauri lote analimeza kwa sababu akilisema atakuwa wa kwanza kupigwa. Wanaita amani. Mimi naijua amani hiyo kwa sababu nimekaa ndani yake miaka miwili.

Karatasi ya baba niliichukua mimi.

Si Issa. Mimi, Hamisi. Siku ile baada ya arobaini, ulipotoka kuwasindikiza wageni wa Masonya, uliniachia ufunguo wa sanduku nitoe shuka za kulalia watoto. Nikaikuta imefungwa kwenye kitambaa cha kilemba chake. Kiarabu sisomi, unajua nilivyokuwa natoroka chuo cha Kurani na bakora nilizokula kwa ajili hiyo. Nikaitoa, nikaitia mfukoni, kitambaa nikakiacha. Nilijiambia nitatafuta mtu Kariakoo anisomee, halafu nitairudisha nikija na hakuna atakayejua. Nilitaka kujua baba kanipa nini. Ningeweza kukuuliza wewe. Sikukuuliza kwa sababu ungesema nina tamaa, na ungekuwa umesema kweli.

Mwalimu mmoja mzee wa hapa mtaani alinisomea. Sasa dada, kama umesimama, kaa. Kipande cha mtoni, chenye mikorosho ile mipya ambayo wewe ndiye unayeiokota, baba alimwonyesha Issa. Ameandika mipaka yote mpaka kwenye kisiki cha mkwaju. Wewe amekupa kipande chote cha juu pamoja na nyumba, na amekuombea dua ndefu kwa kumuuguza. Ilipofika kwangu nilidhani mwalimu ameruka mstari. Nikamwambia arudie. Akarudia: Hamisi ana ufundi wake, mkono wake ndio shamba lake, asidai ardhi kwa nduguze.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilimkasirikia maiti. Nikaiweka karatasi chini ya godoro, nikawa najiambia mwezi ujao nitaipeleka, mwezi ujao, kama vile nikiirudisha nitakuwa nimeukubali mstari ule. Masika yakaja. Tulikuwa bado tunakaa Jangwani, maji yakaingia ndani mpaka dirishani, tukatoka na watoto na cherehani, basi. Tuliporudi godoro lilikuwa tope, na karatasi ilikuwa tope ndani ya tope. Nililia siku ile, Mwajuma akadhani nalilia vyombo.

Hapo ndipo ningesema. Nilishika simu kabisa. Lakini wewe ulikwishafungua sanduku, ulikwishamshuku Issa, na neno la kwanza ulilonitamkia ni kwamba aliyeichukua utamsomea, awe nani, hata awe ametoka tumbo moja na wewe. Nikasema pole dada, nikakata simu. Sikulaumu. Mwizi hana haki ya kulaumu kufuli. Nakueleza tu lilivyofanya kazi. Tishio lako lilinizuia nisichukue kitu kingine chochote tena maishani mwangu, hilo nakuhakikishia. Na lilinizuia nisikwambie ukweli. Miaka miwili umeacha kula kwa Issa, Issa ameacha kupita uani kwako, watoto wake kisimani wanaambiwa ni watoto wa mwizi, na mimi niliyejua nilikuwa nawatumia wote salamu za Idi.

Sasa itazame nia yako ya Ijumaa. Aliyechukua karatasi ni mimi. Anayekula kisicho chake katika shamba lile, dada yangu, bila kujua na bila kosa, ni wewe. Baba alituacha watatu. Umemlenga Issa, na katika hao watatu Issa peke yake ndiye ambaye Halbadiri yako isingempata.

Nimejiuliza kama ningeiandika barua hii bila wewe kuwaita walimu. Ningependa kukwambia ningeiandika. Nimeikalia tangu jana na jibu ninalolipata si zuri: labda ningekufa nayo. Kwa hiyo Kapinga akisikia atasema unaona, limefanya kazi. Na limefanya. Ila mtu wa kuogopa tu angekimbia, au angenyamaza akaomba Mungu walimu wasahau sura. Kilichonikalisha hapa ni kumwona Mzee Nassor anapanda ngazi kila mkewe akipiga chafya. Nilikuona wewe. Nilikuona unasikia kikohozi cha shemeji, unaangalia goti lako, unahesabu nani ameugua tangu Ijumaa, na hujui kwamba uliowaitia walimu ni mimi na wewe. Nakupenda mno, siwezi kukuacha ufike huko. Nilipaswa kukupenda hivi miaka miwili iliyopita.

Hii inatoka na basi la kesho Jumatatu. Nimeitanguliza kwa sababu najijua, uso kwa uso ningezungukazunguka mpaka siku ya kurudi. Mimi mwenyewe napanda Jumatano. Usikasirike, nitafikia kwa Issa kwanza. Nitamwambia mbele ya mkewe na wanawe, kwa sababu wao ndio waliobeba jina. Yule mwalimu aliyenisomea bado yuko hai na akili yake nzima. Ameniandikia anachokumbuka, mipaka na kisiki cha mkwaju, na ameahidi kuzungumza na wazee kwa simu wakimtaka. Haitakuwa mkono wa baba, hilo haliwezi kurudi tena. Shauri la kipande cha mtoni mtalimaliza wewe na Issa. Mimi sina sauti hapo, nimeshaambiwa nisidai ardhi kwa ndugu zangu, na safari hii nimesikia.

Ukishanisikia, kama bado unataka isomwe, isomwe. Sitakuzuia. Ila nitakaa mkekani mbele ya walimu, na hutahitaji kuficha jina.

Msalimie sana shemeji, mwambie sigara nitamnusa mwenyewe. Msalimie shangazi, dada yake marehemu, umsomee barua hii yote bila kuruka, yeye ndiye aliyewahi kusema Issa hawezi kuiba hata embe tukamwona amezeeka. Wajomba zangu, wanao wote, waambie mjomba anakuja, asiyekuwa na daftari aseme mapema. Shemeji yangu mke wa Issa usimpe salamu zangu. Sijui nina haki gani ya kumsalimia mpaka nimekaa mbele yake. Issa naye vivyo hivyo, uniachie.

Nikiteremka pale stendi sitegemei mtu kunipokea, usimtume mtoto. Nitatembea.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuacha umchukie mdogo wetu miaka miwili,

Hamisi